Mbona picha zako hazina rangi? Jibu kutoka Ireland

Ndugu zangu wa Mombasa wakiona picha ninazopiga huku Dublin huuliza swali moja: mbona hazina rangi? Siku hizi hata simu ya bei nafuu hutoa rangi zinazopita zile za macho yetu. Swali ni la haki na lastahili jibu refu kidogo, kwa sababu ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi watu wa Pwani pia.

Kwanza ni hali ya hewa. Ireland ni nchi ya mawingu na manyunyu. Mwezi wa Desemba, hapa Dublin jua huchomoza baada ya saa mbili na nusu asubuhi, na ikifika saa kumi na dakika chache jioni limeshazama. Anayengoja jua kama letu, kamera yake itashika vumbi kabatini. Lakini wingu si adui wa mpiga picha. Likitanda, huwa kama shuka nyeupe iliyofunikwa juu ya taa. Mwanga hushuka taratibu kutoka kila upande, vivuli vikali hutoweka, na makunyanzi ya uso wa mzee au mawe ya ukuta huonekana moja moja. Siku kama hiyo picha ya rangi hutoka imechujuka kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Ukiiondoa rangi, hubaki umbo na mwanga, na picha husimama.

Pili ni kujifunza kutazama upya. Ireland husifiwa kwa kijani chake, nacho kimejaa kila mahali. Katika picha ya nyeusi na nyeupe, nyasi za kijani na ua jekundu huweza kutoka na kijivu kile kile, ua likapotelea ndani ya nyasi. Kwa hivyo mpiga picha haulizi tena, "Hii ni rangi gani?" Huuliza, "Kipi king'avu, kipi kina giza, na vimekutana wapi?"

Wapigaji wa zamani walikuwa na dawa ya hilo, nayo yatumika hadi leo: kioo cha rangi kinachovishwa mbele ya lenzi. Kanuni yake ni nyepesi. Kioo hung'arisha kitu chenye rangi kama yake na kutia giza rangi iliyo kinyume chake. Kioo cha manjano hukoleza kidogo buluu ya mbingu, na mawingu meupe yakajitokeza. Chekundu huifanya mbingu karibu nyeusi. Cha kijani hung'arisha nyasi na majani. Mbingu ikiwa imefunikwa yote na wingu, vioo hivyo havina la kufanya juu yake, kwa sababu hakuna buluu ya kukolezwa.

Mfano mzuri uko ufukwe wa Sandymount, hapa hapa Dublin. Maji yakipwa huenda mbali sana, ukabaki mchanga mtupu wenye vidimbwi, na nyuma yake dohani mbili za Poolbeg zenye urefu wa zaidi ya mita 200, zilizopakwa mistari myekundu na myeupe. Ukizipiga kawaida, mistari yaonekana vizuri. Ukivisha kioo chekundu, ule wekundu hung'aa hadi kukaribia weupe, na mistari hufifia kama haikuwapo.

Tatu ni matembezi ya karibu. Sisi wapenda picha wachache hukutana Jumapili, tukapanda treni hadi Howth, bandari ya wavuvi, au tukaishia Sandymount. Mara chache hufika Glendalough, kwenye milima ya Wicklow, penye mnara wa kale wa mawe wa mita 30 hivi. Hatuoni haja ya safari ndefu. Mahali pa karibu unaweza kurudi mara kumi: leo maji yamejaa, kesho yamepwa, leo ukungu, kesho upepo. Mgeni hupiga kile kilichomshangaza siku moja. Anayerudi huanza kuona kinachobadilika.

Na hapo ndipo ninapomkumbuka Padri Francis Browne. Mwaka 1912 alisafiri na meli ya Titanic kutoka Southampton hadi Queenstown, mji ambao leo waitwa Cobh, akashuka hapo kwa amri ya mkubwa wake wa kidini. Picha zake za ndani ya meli hiyo zilimpa jina duniani. Lakini baada ya hapo aliendelea kupiga picha kwa miaka mingi kote Ireland: mitaa, viwanda, stesheni, watoto, watu kazini. Alifariki mwaka 1960. Negativu zake, zipatazo 42,000, zilikaa ndani ya sanduku hadi zilipogunduliwa mwaka 1985. Filamu nyingine zilikuwa zimeanza kuharibika, ikabidi zinakiliwe upya. Leo mtu wa Ireland akitaka kujua babu zake walivaaje na walifanya kazi gani, aweza kuzitazama.

Maktaba ya Taifa ya Ireland nayo yahifadhi makumi ya maelfu ya picha za Lawrence, nyingi zikiwa zimepigwa na Robert French kabla ya mwaka 1914. Maktaba hiyo imeweka picha zake nyingi za zamani mtandaoni, na watu wa kawaida wakasaidia kutambua barabara, majengo na hata tarehe.

Sasa tujiulize sisi. Nyumba nyingi za Mji wa Kale, za Lamu na za Malindi zina picha za nyeusi na nyeupe zilizopigwa studio, kama ya Parekh mjini Mombasa au ya Omar Said Bakor kule Lamu. Ziko ndani ya makabati na mikoba, zikiliwa na unyevu na hewa ya chumvi. Nyuma ya nyingi hapana jina. Akiondoka bibi anayejua yule kijana mwenye kofia ni nani, picha inabaki ya mtu asiyejulikana.

Kamera ya gharama si lazima. Chukua picha hizo, keti na mzee, andika majina nyuma kwa penseli laini, kisha uzipige nakala mahali penye mwanga tulivu, karibu na dirisha lisilopigwa na jua. Halafu toka mtaani kwako baada ya alasiri, vichochoro vinapopata mwanga wa kuta, uipige siku ya kawaida: baraza, muuza kahawa, mlango wa jirani. Urudi mwezi ujao, uchapishe chache, na uandike majina kabla hujasahau.