Panya ndani ya nyumba: Mtego wa umeme unafaa wapi, na haufai wapi?



Katika uwanda wa kati, mvua zikishakatika na mtama, uwele, mahindi na karanga zikaingia ndani, panya nao huhama. Shambani hakuna tena masuke wala majani ya kujificha, na nyumba yenye gunia la nafaka ndiyo inayobaki na chakula. Ndiyo maana familia nyingi za Dodoma, Bahi, Chamwino, Kongwa na Kondoa huanza kusikia purukushani darini miezi ile ile ambayo zimepata riziki ya mwaka. Mjini nako hali haipishani sana. Tangu ilipotangazwa mwaka 2016 kwamba Serikali inahamia Dodoma, nyumba nyingi mpya zimejengwa Nzuguni, Ihumwa na Mtumba, mahali palipokuwa mashamba na vichaka. Mwenyeji wa vichaka hivyo hakuhama kwa sababu tu zege limemwagwa.

Sasa madukani kuna kijisanduku cha plastiki kinachotumia betri, kinachoitwa mtego wa umeme. Maswali kuhusu kijisanduku hiki ni mengi. Je, kinaua kweli? Je, kina hatari kwa watoto? Na je, kuua kwa umeme si sawa na kuchoma kwa moto, jambo ambalo tumekatazwa? Katika makala hii tutayajibu, In shaa Allah, na tutaeleza kwa nini mtego wowote, hata uwe ghali namna gani, hauwezi kumaliza panya peke yake.

Kwa nini tusimzoee panya

Wapo waliokwishamzoea. Wakiona kinyesi chake juu ya kabati wanapangusa na kuendelea na shughuli. Hili ni kosa kwa afya na kwa ibada.

Kwa upande wa afya, mwezi Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa uliozuka Ruangwa, mkoani Lindi, ulikuwa homa ya Mgunda. Watu 20 walikuwa wameugua na watatu kati yao walikuwa wamefariki. Homa hii huenezwa na mkojo wa wanyama walioambukizwa, panya wakiwa miongoni mwao. Vijidudu vyake huingia mwilini kupitia michubuko ya ngozi, macho, pua na mdomo, au kwa kula na kunywa kilichochafuliwa. Nao wazee wa Lushoto wanakumbuka tauni iliyoanza huko mwaka 1980 na kurudi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka ishirini. Zaidi ya watu 7,000 waliugua. Tauni huletwa na viroboto wa panya.

Kwa upande wa ibada, kinyesi na mkojo wa panya ni najisi katika madhehebu ya Shafii ambayo wengi wetu tunayafuata. Panya akipita usiku juu ya msala, kanzu au buibui iliyotundikwa stoo na kuacha uchafu wake, utasimama mbele ya Mola wako asubuhi ukiwa na najisi bila kujua.

Aidha, Mtume (s.a.w.) alitufundisha kufunika vyombo na kuzima taa tunapolala, akieleza kuwa panya huweza kuburuta utambi na kuwaunguzia watu nyumba. Leo wengi hatuna taa za utambi, lakini tuna nyaya za umeme darini, na panya huzitafuna. Hatari ni ile ile.

Sheria inasemaje juu ya kumuua

Panya ni mmoja wa viumbe watano waharibifu ambao Mtume (s.a.w.) aliruhusu wauawe hata ndani ya eneo takatifu la Makka, pamoja na kunguru, mwewe, nge na mbwa mkali. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Kwa hiyo asiwepo wa kuona dhambi kumwondoa panya nyumbani.

Lakini ruhusa ya kuua haikuja bila adabu. Katika hadithi ya Shaddad bin Aws (r.a.), iliyopokewa na Muslim, tumeamrishwa kufanya wema katika kila jambo, hata katika kuua. Na katika hadithi nyingine Mtume (s.a.w.) alikataza kiumbe kuadhibiwa kwa moto, kwani adhabu hiyo ni ya Mola wa moto pekee. Hivyo ile tabia ya vijana kumwagia mafuta ya taa panya aliyenaswa kisha kumtia kiberiti haijuzu, hata kama panya huyo amekula gunia zima.

Je, umeme ni moto? Marehemu Sheikh Muhammad bin Salih al-Uthaymin, mwanachuoni wa Saudi Arabia aliyefariki mwaka 2001, aliulizwa juu ya vifaa vya umeme vinavyoua wadudu. Alijibu kuwa havihesabiwi kuwa adhabu ya moto, kwa sababu mdudu hufa kwa mshtuko wa umeme, na dalili yake ni kuwa ukiweka karatasi juu ya kifaa hicho haiungui. Kwa kipimo hicho hicho, mtego wa umeme unaoua panya kwa mshtuko wa sekunde chache haumo katika katazo.

Kijisanduku kinafanyaje kazi

Ndani ya sanduku kuna mabamba ya chuma sakafuni, na chambo huwekwa mwisho kabisa. Panya akiingia kufuata chambo hukanyaga mabamba mawili kwa pamoja, na mwili wake huunganisha njia ya umeme. Betri ndogo, mara nyingi nne, huwa zimeongezewa nguvu na mitambo ya ndani hadi maelfu ya volti kwa mkondo mdogo, na moyo wa panya husimama. Kisha taa huwaka kukujulisha kuwa kuna kilichonaswa.

Faida zake ni tatu. Kwanza, haina sumu, hivyo inafaa nyumba yenye watoto na paka. Pili, mara nyingi hakuna damu, na unamwaga mzoga bila kuushika. Tatu, inatumia betri, kwa hiyo umeme wa TANESCO ukikatika kazi inaendelea, na hata nyumba ya kijijini isiyo na nguzo inaweza kuitumia.

Hata hivyo, usiinunue kabla hujamjua panya wako. Sanduku la vipanya vidogo halina nguvu ya kumuua panya mkubwa wa darini, na mlango wake ni mdogo kwake. Ukikosea hapo umemtesa bila kumuua, na tumekwishaona kuwa kutesa hakukuruhusiwa. Kinyesi kitakuonyesha: cha kipanya ni kama punje ya mchele, cha panya mkubwa hukaribia ukubwa wa punje ya kunde.

Namna ya kuutega

Panya haoni vizuri, hivyo hupenda kutembea akigusa ukuta kwa masharubu yake. Weka sanduku sambamba na ukuta, nyuma ya friji, chini ya kabati au nyuma ya magunia, pale ulipoona kinyesi au alama za mafuta ya mwili wake. Chambo kizuri ni karanga iliyosagwa, kiasi cha punje ya harage tu. Ukijaza kijiko kizima, sisimizi watakuja kabla ya panya.

Panya wakubwa huogopa kitu kigeni. Waachie sanduku lenye chambo bila kuliwasha kwa siku mbili tatu, kisha liwashe. Vipanya havina woga huo.

Vumbi la Dodoma nalo lina hukumu yake. Likijaa juu ya mabamba, umeme haupiti vizuri. Zima, toa betri, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha pakauke kabisa ndipo urudishe. Usiliweke sanduku nje, bafuni wala karibu na maji. Na ingawa mkondo wake ni mdogo, mtoto asiachiwe kuingiza vidole humo.

Jambo la mwisho hapa: angalia mtego kila asubuhi. Amri hii inahusu mitego yote, hasa ile ya kunasa panya akiwa hai. Mwanamke aliyemfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie aliingia motoni kwa sababu hiyo, kama tulivyofundishwa. Ndiyo maana mitego ya gundi haifai kwa Muislamu mwenye hadhari: panya hukaa humo saa nyingi akijichana ngozi hadi afe kwa kiu na uchovu.

Tahadhari na mashine za mlio

Usichanganye mtego wa umeme na kile kidubwasha kinachochomekwa ukutani na kusemwa kuwa kinatoa mlio usiosikika na binadamu unaofukuza panya. Mwaka 2001 Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani iliwaandikia onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa hivyo, ikiwataka wawe na ushahidi wa kisayansi wa madai yao. Mlio wa namna hiyo haupenyi ukuta wala kabati, na panya huuzoea upesi. Pesa yako ibaki mfukoni.

Kuhusu sumu, zile pakiti zisizo na lebo zinazopitishwa mitaani kwa spika hujui ndani yake kuna nini, na daktari naye hatajua amtibu vipi mtoto aliyeilamba. Paka akila panya mwenye sumu naye anaweza kufa, na hapo umempoteza mtegaji wa bure. Panya mwenyewe akifa ndani ya dari, nyumba inanuka wiki nzima.

Baada ya kunasa

Vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi. Mwage mzoga ndani ya mfuko, uzike mbali na kisima. Kinyesi kikavu usikifagie, kwa sababu vumbi lake huingia puani. Changanya sehemu moja ya jiki na sehemu tisa za maji, mwagia, subiri dakika tano, futa kwa kitambaa, kisha osha mikono kwa sabuni. Nguo na msala uliochafuliwa uondolewe uchafu kisha uoshwe kwa maji safi.

Ikitokea panya amefia ndani ya samli iliyoganda, hukumu yake imo katika hadithi ya Bi Maimuna (r.a.): ataondolewa yeye na samli iliyomzunguka, na iliyobaki italiwa. Kama ni mafuta ya maji, kauli ya wanavyuoni wengi ni kuwa yamenajisika na hayaliwi. Akifia katika ndoo au mtungi wa maji yasiyofikia kulateni, maji hayo hayafai kwa kunywa wala kutawadhia. Mahali ambapo maji ya bomba huja kwa zamu na kila nyumba ina ndoo na mapipa, kifuniko ni sehemu ya tohara.

Mtego ni nusu ya kazi

Sasa tufike kwenye kiini. Kipanya jike hubeba mimba wiki tatu tu, huzaa watoto watano hadi wanane, na watoto hao nao huweza kupata mimba wakiwa na wiki sita hivi. Panya shamba huzaa kumi au zaidi kwa mkupuo. Ukinasa mmoja kila usiku huku gunia liko wazi, wewe unavuna tu na wao wanapanda.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa ya sanduku moja la umeme, ambalo bei yake inaweza kununua mitego mingi ya kawaida ya kubana, fanya haya:

Ziba matundu. Kipanya hupita kwenye tundu la upana wa penseli. Shindilia stilwaya ya kusugulia masufuria, kisha ziba kwa saruji. Chini ya mlango pigilia kipande cha bati.

Nyanyua nafaka. Magunia yakae juu ya chanja, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita. Mifuko ya kinga njaa huzuia wadudu, lakini panya huitoboa. Kihenge cha chuma au pipa lenye kifuniko ndilo lenye usalama. Ghala la nje lenye miguu livishwe bati kila mguu, kwa umbo la mwavuli.

Usiache chakula cha usiku. Masufuria yaoshwe, makombo yafunikwe, chakula cha kuku kiondolewe jua likizama.

Fuga paka na umtunze. Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani.

Zungumza na jirani. Nyumba za kupanga zenye dari moja haziwezi kusafishwa chumba kimoja kimoja. Panya aliyefukuzwa kwako atahamia kwa jirani yako, na haki ya jirani unaijua.

Ukishafanya hayo, wale wachache waliobaki ndani ndio kazi ya mtego, uwe wa umeme au wa kubana shingo unaoua mara moja. Anza na lile lisilohitaji pesa: usiku wa leo kabla ya kulala, sema Bismillah na ufunike vyombo vyako.

Wabillahi tawfiq.