Elimu ya Kalamu: Imani kwa Hoja

Wasikilizaji wetu wa Bukoba na Muleba, leo twazungumza juu ya elimu ya kalamu. Si kalamu ya kuandikia. Hili ni neno jingine la Kiarabu, maana yake maneno. Ndiyo elimu ya kuthibitisha imani kwa hoja, na madrasani huitwa zaidi Tauhidi.

Uislamu ulifika kwenu karne ya 19 pamoja na wafanya biashara waliotoka Unyanyembe, wakaweka kituo Kafuro katika Karagwe, na pia kwa njia ya Buganda. Ulikuja na madhehebu ya Shafi kama pwani. Huko mwanafunzi husomeshwa sifa ishirini za Mwenyezi Mungu, kwa mpango wa al-Sanusi, mwanachuoni wa Tlemcen, Algeria, wa karne ya 15.

Sifa ya kwanza ni kuwapo. Hoja yake ni nini? Wapita penye kibanja cha mtu usiyemjua. Majani makavu ya migomba yamekatwa, nyasi zimetandazwa shinani. Hutasema vimejifanya vyenyewe. Basi, wenye kalamu husema: kila kilichoanza kina aliyekianzisha, ulimwengu hubadilika, na chenye kubadilika kilianza, kwa hiyo una Muumba. Lakini mwenye kibanja naye alizaliwa! Kweli, mfano wetu waishia hapo. Ndiyo maana sifa ya pili ni kutokuwa na mwanzo.

Sasa yupo bibi kijijini Muleba asiyejua hoja hata moja, aliyeamini kwa kuwafuata wazazi wake. Imani yake yafaa? Hapo wanavyuoni waligombana sana. Al-Sanusi alikuwa mkali: kufuata tu hakutoshi. Wengine walisema dalili ya jumla yamtosha, kwa kuwa bibi huona mvua na usiku akajua vina Mwenyewe. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliifananisha kalamu na dawa: humfaa mgonjwa wa shaka, na yaweza kumdhuru mzima. Mimi naona huyu alimfahamu bibi yetu zaidi.

Hata wapenda akili waliwahi kukosa subira. Mwaka 833 Khalifa al-Ma'mun wa Baghdad, akishika rai ya Muutazila, aliwalazimisha wanavyuoni wakiri kwamba Kurani imeumbwa. Ahmad bin Hanbal alikataa, akafungwa.

Kikundi chenu kizungumzie swali hili: mtoto akiuliza, «Mungu aliumbwa na nani?», mtamjibuje?