Lubumbashi: Swali moja, kadi nne, na ukumbi mzima unajibu

“Mumesikia?” Mwalimu wa chuo anapouliza hivi mwishoni mwa somo, ukumbi unajibu kwa sauti moja: “Ndiyo!” Wanafunzi wanafunga madaftari na kutoka. Ikiwa nusu yao hawakuelewa kitu, mwalimu atajua siku ya kusahihisha mtihani, na mzazi atajua siku matokeo yanapobandikwa. Siku hiyo pesa za masomo zimekwisha kulipwa na mwaka umekwisha kupita.

Katika vyuo vikuu vya inchi mbalimbali kuna njia ya kujua mapema. Katikati ya somo mwalimu anatoa swali lenye majibu manne, na kila mwanafunzi anachagua lake kwa wakati mmoja na wenzake: kwa simu, kwa kifaa kidogo cha kubonyeza, ao kwa kadi ya karatasi. Ndani ya dakika moja mwalimu anaona wangapi wanafuata na wangapi wamepotea njiani. Na kwa Lubumbashi kuna habari njema: utafiti unaonyesha kwamba kinachosaidia zaidi katika njia hii hakiuzwi dukani.

Ukimya unaogharimu

Tuchukue kijana aliyetoka Kasomeno, katika teritwari ya Kasenga, pale njia itokayo Lubumbashi inapogawanyika, moja ikielekea Kasenga na mto Luapula, nyingine ikipanda kuelekea Pweto. Ili aandikishwe chuoni, wazazi wameuza mahindi, samaki ao makala. Mjini anakaa kwa mjomba wake katika komini ya Katuba. Kila franka ya usafiri inahesabiwa.

Kijana huyo si mvivu. Lakini kusimama mbele ya watu mia tatu na kusema kwa Kifaransa kwamba hakuelewa, hilo ni jambo zito. Kuna heshima kwa mkubwa: kumwambia profesa kwamba maelezo yake hayakueleweka kunaweza kuonekana kama kumpinga. Kuna pia haya ya kuchekwa kwa kosa la lugha. Basi ananyamaza. Watatu ao wanne wa mstari wa mbele ndio wanaojibu kila siku, na mwalimu anafikiri ukumbi wote uko pamoja naye.

Kuulizwa wote kwa mara moja kunaondoa haya hiyo. Hakuna anayesimama peke yake. Anayekosea anakosea pamoja na wengine wengi, na mara nyingi anashangaa kuona kwamba hakuwa peke yake gizani.

Profesa aliyedhani mambo yanaenda vizuri

Jina linalotajwa sana katika jambo hili ni la Eric Mazur, mzaliwa wa Uholanzi, anayefundisha fizikia katika chuo kikuu cha Harvard, Marekani, tangu mwaka 1984. Wanafunzi wake walimpa alama nzuri kama mwalimu, na mitihani yake migumu waliipita. Hakuwa na sababu ya kuwaza kwamba kuna kitu kinakosekana.

Kisha akasoma kazi ya watafiti wawili wa Arizona, Ibrahim Halloun na David Hestenes. Wao walionyesha kwamba wanafunzi wengi wanaomaliza somo la fizikia wanabaki na mawazo yale yale juu ya nguvu na mwendo waliyokuwa nayo mbele ya kuanza. Mazur alidhani hilo haliwezi kuwapata wanafunzi wake. Akawapa maswali yale mepesi. Mwanafunzi mmoja akamwuliza kama ajibu kufuatana na mambo waliyofundishwa, ao kufuatana na namna yeye mwenyewe anavyowaza. Swali hilo pekee lilitosha kumwonyesha tatizo, na matokeo ya mtihani yalimvunja moyo.

Tangu mwaka 1991 alibadilisha namna ya kufundisha. Mbele ya kuja, wanafunzi wanasoma kitabu nyumbani. Ndani ya ukumbi profesa anaeleza jambo moja kwa dakika chache, kisha anatoa swali. Kila mmoja anawaza kimya na kuchagua jibu lake. Kama karibu wote wamepata, somo linaendelea. Kama karibu wote wamekosa, profesa anarudi kueleza upya. Kama wamegawanyika, anawaambia wageukie majirani wao na kila mmoja ajaribu kumshawishi mwenzake. Baada ya dakika mbili ao tatu wanachagua tena, na mwishowe jibu linaelezwa.

Kamio na taksi

Tuweke swali la namna hiyo hapa kwetu. Kamio lililojaa shaba linagongana na taksi ndogo kwenye njia ya Kasumbalesa. Wakati wa kugongana, ni kipi cha kweli? A: kamio linaisukuma taksi kwa nguvu kubwa kuliko taksi inavyolisukuma kamio. B: taksi ndiyo inayosukuma kwa nguvu kubwa zaidi. C: nguvu hizo mbili zinalingana. D: taksi hailisukumi kamio hata kidogo.

Watu wengi watachagua A, hata wale wanaoweza kukariri sheria ya tatu ya Newton bila kukosea neno. Jibu la kweli ni C. Taksi inapondeka kwa sababu ni nyepesi na mwili wake ni dhaifu. Nguvu ile ile inayolitikisa kamio kidogo inaitupa taksi pembeni. Mwanafunzi anayejua kuandika sheria kwenye karatasi ya mtihani lakini anachagua A bado hajaelewa sheria hiyo. Mtihani wa kukariri usingemgundua. Swali hili linamgundua kwa dakika moja, wakati bado kuna nafasi ya kumsaidia.

Njia hii haihusu fizikia peke yake. Mwalimu wa sheria anaweza kueleza ugomvi wa kiwanja kati ya ndugu wawili na kuuliza nani ana haki. Mwalimu wa udaktari anaweza kutaja dalili za mgonjwa na kuuliza kipimo gani kinaombwa kwanza. Kinachotakiwa ni swali ambalo mtu hawezi kulijibu kwa kukumbuka mstari wa silabusi.

Pale Kiswahili kinapoingia darasani

Kwa Lubumbashi, zile dakika mbili za kuzungumza na jirani zina faida nyingine. Masomo ya juu yanafundishwa kwa Kifaransa. Lakini vijana wawili wanaobishana juu ya kamio na taksi watafanya hivyo kwa lugha wanayoitumia sokoni, nyumbani na kwenye mpira, yaani Kiswahili kilichochanganywa na Kifaransa. Mwenye kuelewa anamweleza mwenzake kwa maneno ya kila siku, na mara nyingi yeye ndiye anayefanya hivyo vizuri kuliko profesa, kwa kuwa juzi tu naye alikuwa hajui.

Je, mwenzako anakupa tu jibu unalonakili? Watafiti wa chuo kikuu cha Colorado waliuliza hivyo, na mwaka 2009 walitoa jibu katika gazeti la Science. Baada ya mazungumzo, waliwapa wanafunzi wa somo la jenetiki swali lingine jipya juu ya wazo lile lile, kila mtu ajibu peke yake. Wengi walifanya vizuri zaidi, hata katika vikundi ambamo hakuna aliyejua jibu mwanzoni. Kubishana kwenyewe kuliwafikisha.

Mwaka 2014 kundi lingine la watafiti, likiongozwa na Scott Freeman, liliweka pamoja tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati katika vyuo. Pale wanafunzi walipokaa kusikiliza tu, karibu 34 kwa mia walianguka. Pale waliposhirikishwa kwa maswali, mazungumzo na kazi za vikundi, walioanguka walikuwa karibu 22 kwa mia. Kwa mzazi aliyeuza magunia ya mahindi, tofauti hiyo ina uzito.

Simu ao karatasi?

Vifaa vya kujibia si vya jana. Katika miaka ya 1960, vyuo vya Stanford na Cornell huko Marekani vilikuwa na kumbi zenye vitufe vilivyofungwa kwenye viti kwa nyaya. Baadaye vikaja vifaa vidogo visivyo na waya, ambavyo mwanafunzi ananunua na kubeba mfukoni. Leo simu imechukua nafasi yao. Kahoot ilitoka Norway, Mentimeter ilitoka Sweden, na Wooclap ilitoka Ubelgiji. Mwanafunzi anafungua ukurasa, anagusa jibu, na matokeo yanachorwa ukutani.

Hapa kwetu njia hiyo inakuta vizuizi ambavyo kila mtu anavijua. Si kila mwanafunzi ana simu ya kisasa, na mwenye nayo si kila siku ana pesa ya kununua mega. Umeme unaweza kukatika katikati ya somo. Tena, mamia ya simu zikitafuta intaneti kwa wakati mmoja katika jengo moja, mtandao unalemewa. Kama kujibu kunadai simu, kijana wa Kasomeno aliyenyamaza kwa haya atanyamaza sasa kwa kukosa mega.

Ndiyo sababu kazi ya Nathaniel Lasry, mwalimu wa fizikia katika koleji moja ya Quebec, Kanada, inastahili kujulikana huku. Alilinganisha wanafunzi waliojibu kwa vifaa vya umeme na wanafunzi waliojibu kwa kuinua kadi za karatasi, wote wakifundishwa kwa njia ya Mazur. Mwaka 2008 alitangaza matokeo: kiasi cha mambo waliyojifunza hakikutofautiana. Kifaa kinamrahisishia mwalimu kuhesabu na kutunza majibu. Kujifunza kunatoka kwenye swali na mazungumzo.

Kadi nne zenye herufi A, B, C na D zinatengenezwa kwa karatasi moja iliyokatwa vipande vinne. Rangi tofauti zinasaidia: nyekundu kwa A, kijani kwa B, na kadhalika. Mwanafunzi anainua kadi yake mbele ya kifua, si juu ya kichwa, kusudi walio nyuma wasinakili. Mwalimu akisimama mbele anaona rangi ipi imejaa. Asistanti wawili wanaweza kuhesabu mistari haraka, lakini hesabu kamili si lazima. Kinachotakiwa ni kujua kama ukumbi umegawanyika.

Katikati ya karatasi na simu kuna Plickers. Kila mwanafunzi anapewa kadi yenye mchoro wake, anaigeuza kufuatana na jibu, na simu ya mwalimu peke yake inasoma kadi zote kupitia kamera. Inafaa kwa darasa la watu makumi, kwa mfano kazi za vikundi pamoja na asistanti.

Tunaijua sura yake, bado matumizi yake

Kila mtu aliyemaliza shule ya sekondari katika RDC anajua kuchagua jibu moja kati ya asersio tano: mtihani wa Serkali ulimfundisha hivyo. Lakini pale swali linapima na kuchagua nani apite. Hapa swali linafundisha, na jibu baya lina faida sawa na jibu zuri, kwa maana linaonyesha pa kutengeneza.

Kwa hiyo kuna mtego wa kuepuka. Mwalimu akianza kutoa pointi kwa kila jibu zuri, swali linageuka interogasio. Mwanafunzi ataangalia kadi ya jirani, na haya itarudi. Afadhali pointi ndogo zitolewe kwa kushiriki, ao zisitolewe kabisa. Na kama simu zinatumika, majina yasionyeshwe ukutani.

Kuna pia swali la wakati. Profesa ataona kwamba hawezi kumaliza kurasa zote za silabusi akisimama kuuliza mara tatu katika kila somo. Ni kweli. Njia hii inadai mwanafunzi asome silabusi nyumbani mbele ya kuja. Hilo halipingani na mpango wa LMD ulioingia katika masomo ya juu ya RDC tangu mwaka wa masomo 2021-2022, ambao unahesabu pia kazi anayoifanya mwanafunzi mwenyewe nje ya ukumbi.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilianzishwa mwaka 1955, na jina lake la leo kilipewa mwaka 1981. Muda huo wote mwalimu amesimama mbele, na kumbi zikaendelea kujaa. Kubadilisha kila kitu kwa siku moja haiwezekani. Lakini swali moja katika kila somo linawezekana, bila kungojea mradi wala msaada kutoka nje. Mwalimu anaandaa swali usiku, shefu wa promosio anawaambia wenzake waje na kadi zao.

Na wanafunzi wenyewe wanaweza kuanza mbele ya profesa. Kundi la watu sita wanaosoma pamoja jioni wanaweza kutunga maswali ya namna hii, kila mmoja aonyeshe kadi yake kwa hesabu ya tatu, kisha wabishane. Wakigawanyika watatu kwa watatu, wawe na furaha: wamegundua leo kitu ambacho mtihani ungewagundulia baada ya miezi.