Mimea Mitatu Iliyomshinda Bwana Kiangazi

Paukwa! Pakawa!

Wajukuu zangu, kila mwaka masika yakiisha, Bwana Kiangazi huingia Morogoro. Juni hadi Septemba hutawala yeye, na bustani nyingi humwangukia miguuni. Mnataka bustani ya nyasi na maua ya porini? Basi wajueni mashujaa watatu.

Wa kwanza ni nyasi ya mbugani yenye masuke mekundu, ambayo wataalamu huiita *Themeda triandra*. Majani yakikauka, mizizi hubaki hai. Mbegu yake ina mkia mrefu unaojisokota ukikauka na kujisokotoa ukilowa. Kwa kuzunguka hivyo, mbegu hutoboa ardhi kama keekee ya seremala.

Wa pili ni mkalamu. Hutambaa juu ya nyasi akijishikiza kwa ncha za majani, akachanua maua mekundu yenye kingo za njano. Ukame ukija, shina hufa, uhai ukajificha kwenye kiazi chini ya udongo. Msimwonje kamwe! Mmea mzima una sumu, hasa kiazi.

Wa tatu ni mshubiri. Yeye huweka akiba ya maji katika majani yake manene, na ndege aitwaye chozi hufuata utamu wa maua yake.

Hata Ugiriki na kusini mwa Italia, ambako mvua hunyesha wakati wa baridi na joto huja na ukame, mtunza bustani mwerevu huuliza: mvua ikikatika, mmea huu utaishije?

Msidanganywe na uzuri wa mlimani. Mji wetu uko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Lukwangule, kileleni mwa milima ya Uluguru, unapita mita 2,400. Mimea ya kule imezoea ukungu na baridi, mjini itateseka. Tena kule ni hifadhi ya msitu, hakung'olewi kitu. Na lantana, pamoja na maua yake ya kuvutia, ni mgeni kutoka Amerika anayesonga wenyeji. Msimpande.

Kusanyeni mbegu zilizoiva kandokando ya njia na mashamba ya kwenu, kwa ruhusa ya wenyewe. Acheni nyingine zianguke hapohapo. Zihifadhini pakavu, mzipande mvua za kwanza zikianza. Kabla ya kupanda chochote, muulizeni mzee wa jirani: mmea huu hustahimili kiangazi? Akisema ndiyo, pandeni.