Stoo na ankara: idadi iandikwe mara moja

Duka la vifaa vya ujenzi likiuza mifuko 20 ya saruji kwa mkopo, karani huandika idadi hiyo mara tatu: kwenye ankara, kwenye leja ya mteja na kwenye kadi ya stoo. Siku ya wateja wengi, kadi ya stoo ndiyo husahaulika. Mwisho wa mwezi kadi inasema mali ipo, stoo haina kitu, na mwenye duka hajui kama ameibiwa au karani amesahau.

Majedwali ya kompyuta yaliyounganishwa huondoa kazi hiyo ya kurudia. Kwa duka lenye bidhaa mia chache, programu ya Excel inatosha. Fungua faili moja lenye karatasi nne: BIDHAA, MANUNUZI, MAUZO na ANKARA. Kila bidhaa ipewe namba isiyobadilika. Majina hayafai, maana karani mmoja huandika "saruji", mwenzake "simenti", na kompyuta huhesabu bidhaa mbili.

Mauzo huandikwa katika MAUZO tu: safu A namba ya ankara na mstari wake (1045-1, 1045-2), B tarehe, C namba ya bidhaa, D idadi, E bei. MANUNUZI hupangwa vivyo hivyo. Katika BIDHAA, fomula =SUMIF(MAUZO!C:C,A2,MAUZO!D:D) hujumlisha mauzo yote ya bidhaa ambayo namba yake iko A2. Salio ni mali ya kuanzia, jumlisha manunuzi, toa mauzo. Tuseme mifuko 120 ya kuanzia, 200 iliyoingia, 265 iliyouzwa: salio ni 55.

Ankara nayo hujijaza. Fomula =VLOOKUP("1045-1",MAUZO!A:E,5,FALSE) huleta bei ya mstari wa kwanza. Neno FALSE lisiachwe. Bila hilo Excel huchukulia kwamba orodha imepangwa kwa mfuatano, na isipoipata namba yenyewe yaweza kuchukua nyingine bila kutoa onyo. Mteja wa misumari atajikuta anadaiwa bei ya rangi.

Mtego mkubwa zaidi ni bei. Wengi huifanya safu E ichote bei kutoka BIDHAA, na kazi huonekana safi hadi siku bei inapopanda. Siku hiyo ankara zote za zamani hubadilika nazo. Mdaiwa wa mwezi uliopita akija na nakala aliyoitia sahihi, deni lililo kwenye kompyuta ni jingine, na mwenye duka hana hoja. Bei ya kuuzia iandikwe kwa mkono siku ya mauzo. Bei ya leo ibaki katika BIDHAA.

Kiwango cha kodi nacho kiwe na safu yake katika MAUZO. Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza Tanzania Bara mwaka 1998 kwa asilimia 20, ikashushwa hadi 18 mwaka 2009. Aliyekiweka katika kisanduku kimoja kwa ankara zote angeharibu hesabu za miaka iliyotangulia. Na ankara ya Excel haichukui nafasi ya risiti ya mashine ya EFD, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2010.

Faili linakiliwe kila jioni kwenye diski ya pembeni, na stoo ihesabiwe kila wiki. Kompyuta ikisema 55 na stooni mkahesabu 52, mtafute mifuko mitatu kati ya ankara za wiki moja tu.