Setilaiti yaelekeza, bonde lapinga: Msako wa makopo yaliyofichwa nyikani

MSHALE kwenye kioo cha kifaa kidogo cha mkononi unaelekeza mbele moja kwa moja. Namba zilizo chini yake zaonyesha kuwa zimesalia mita 140 pekee. Lakini mbele ya msafiri ardhi imekatika ghafla. Kuna poromoko la mawe, na chini kabisa mto unanguruma.

Mita hizo 140 huenda zikamgharimu saa mbili za kuzunguka mlima, au zikamrudisha nyumbani mikono mitupu. Akiwa mkaidi, huenda zikamgharimu maisha.

Hiyo ndiyo hali inayowakuta mara kwa mara wapenzi wa jiokashingi, mchezo wa kusaka vitu vilivyofichwa nje kwa kufuata namba za mahali zinazopatikana kupitia setilaiti. Kanuni zake ni chache. Mfichaji huweka daftari ndani ya kopo lisilopenya maji, hulificha mahali fulani, kisha hutangaza namba za mahali hapo katika tovuti.

Msakaji akilipata, huandika jina lake na tarehe katika daftari, halafu hulirudisha palepale alipolikuta. Iwapo ndani mna vitu vidogo vya kubadilishana, anayechukua kimoja huacha kingine chenye thamani iyo hiyo au zaidi. Ni mwiko kuacha chakula, pombe, visu au chochote cha kulipuka. Aidha, hairuhusiwi kulizika kopo ardhini bila ruhusa ya mwenye ardhi.

Mchezo huu una chimbuko lake katika uamuzi wa serikali ya Marekani. Mfumo wa setilaiti wa GPS ulijengwa na jeshi la nchi hiyo, na kwa miaka mingi mawimbi waliyopewa raia yalikuwa yakivurugwa kimakusudi. Mtu wa kawaida angeweza kupotoshwa kwa umbali wa hadi mita 100.

Mnamo Mei 1, 2000, Rais Bill Clinton alitangaza kukomeshwa kwa uvurugaji huo. Kufikia siku iliyofuata, vifaa vilevile vilivyokuwa vikikosea kwa mita 100 vilikuwa vikikosea kwa takriban mita 20 au chini ya hapo.

Siku iliyofuata, Mei 3, Mmarekani mmoja kwa jina Dave Ulmer aliamua kuupima mfumo huo. Alificha ndoo nyeusi msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, kisha akatangaza namba zake kwa wenzake mtandaoni. Ndani ya ndoo alikuwa ametia daftari na penseli, vitabu, kanda za video, manati na mkebe wa maharagwe.

Hazikupita siku tatu kabla ya ndoo hiyo kupatikana. Baadaye mwezi huo, Matt Stum akapendekeza jina linalotumika hadi leo, na Septemba 2, 2000, Jeremy Irish akafungua tovuti iliyokusanya makopo yote yaliyojulikana wakati huo. Yalikuwa 75. Siku hizi yanahesabika kwa mamilioni, na yametapakaa katika kila bara.

Hata hivyo, hamu ya kufuata kitu kilichofichwa mahali pagumu ilikuwepo kabla ya setilaiti. Kusini-magharibi mwa Uingereza kuna nyika ya Dartmoor, eneo la mawe ya matale, ukungu na vinamasi, lililotangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1951. Kaskazini mwa nyika hiyo kuna mahali paitwapo Cranmere Pool, shimo la udongo wa kinamasi lililo mbali na kila barabara.

Mwaka 1854, James Perrott, mwongoza wasafiri kutoka kijiji cha Chagford, aliweka chupa huko ili wageni waliofaulu kufika waache kadi zenye majina yao. Chupa ilikuwa ushahidi kwamba mtu amevuka vinamasi kwa miguu yake.

Baadaye wageni walianza kuacha barua na kadi za posta, na aliyefuata alizichukua akazitume. Desturi hiyo ikazaa mchezo wa masanduku ya barua ambao ungali hai Dartmoor. Hata leo anayekwenda Cranmere Pool sharti kwanza aulizie ratiba ya jeshi, kwa kuwa eneo hilo hutumiwa kwa mazoezi ya kulenga shabaha. Bendera nyekundu ikipandishwa, hakuna kupita.

Kwa nini basi mtu aliye na kifaa cha kisasa bado atatizike nyikani?

Jibu la kwanza limo katika namna mfumo wenyewe unavyofanya kazi. Setilaiti za GPS huizunguka dunia zikiwa umbali wa takriban kilomita 20,200 juu. Kila moja hutangaza saa yake na mahali ilipo. Kifaa hupima muda uliotumiwa na mawimbi kufika, kisha hukokotoa umbali, na huhitaji angalau setilaiti nne ili kujua kilipo.

Mawimbi hayo husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300. Katika uwanda ulio wazi mambo huwa shwari. Ndani ya bonde jembamba, kuta za mawe huziba sehemu kubwa ya anga, na mawimbi mengine hugonga mwamba kwanza kabla ya kukifikia kifaa. Safari yao huwa imerefuka, na kifaa hudanganyika. Hapo ndipo mshale huanza kurukaruka kama uliopagawa.

Jibu la pili ni kwamba umbali unaoonyeshwa ni wa ndege arukaye. Kifaa hakijui kuwa katikati kuna mto, mwiba au shamba la mtu. Ndiyo maana wasakaji wazoefu hubeba ramani inayoonyesha miinuko, na huisoma kabla ya kuondoka nyumbani.

Ili kuwaonya wasakaji, kila kopo hupewa viwango viwili, kuanzia nyota moja hadi tano. Kiwango cha kwanza hupima ugumu wa kulitambua lilikofichwa. Cha pili hupima ugumu wa ardhi. Nyota moja ya ardhi ina maana kwamba hata anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kufika. Nyota tano ni tangazo kwamba miguu pekee haitoshi. Itahitajika mashua, kamba za kukwea au vifaa vya kupiga mbizi.

Waliopuuza maonyo wamelipia. Mnamo Juni 2018, jijini Prague, Jamhuri ya Cheki, wasakaji walioingia katika mtaro wa maji chini ya ardhi walishtukizwa na mvua kubwa. Wawili kati yao walifariki.

Kwa Wakenya, somo hilo si geni. Mnamo Septemba 2019, watu saba walisombwa na mafuriko ya ghafla katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha. Wao hawakuwa wakisaka makopo. Walikuwa watalii pamoja na mwongozaji wao. Lakini kilichowaua ni kile kile kinachomvizia msakaji: maji ya mvua iliyonyesha mbali, yakashuka kwa kasi katika njia nyembamba isiyo na pa kukimbilia.

Kuna pia suala la ruhusa. Kopo lililoachwa mahali pasipofaa huweza kuzua taharuki. Mwaka 2011, katika mji wa Wetherby nchini Uingereza, wanajeshi walilazimika kulipua kopo la mchezo huu baada ya kudhaniwa kuwa bomu.

Humu nchini, ambamo mchezo huu pia unachezwa, mwenye kutaka kuficha kopo hana budi kumwona mwenye ardhi au wasimamizi wa mbuga. Katika misitu ya kaya za Wamijikenda huko Pwani, neno la wazee ndilo mlango. Namba za setilaiti hazimpi mtu haki ya kukanyaga patakatifu pa wenziwe.

Kwa maeneo yanayohitaji kulindwa, njia mbadala ilianza kutumika mwaka 2004. Msakaji huongozwa hadi penye mwamba, chemchemi au umbo jingine la ardhi, na badala ya kutafuta kopo hujibu maswali kuhusu jinsi lilivyotokea. Hakuna kinachoachwa wala kinachochukuliwa.

Anayepania kwenda penye ardhi ngumu anashauriwa asiende peke yake. Amwachie mtu nyumbani maelezo ya njia atakayopita na saa anayotarajia kurudi. Abebe maji, ramani ya karatasi, tochi na betri za akiba, na aiweke alama ya mahali alipoanzia, kwa kuwa wengi hukumbuka namba za kopo wakasahau za gari. Mawingu yakitanda juu ya vilima, asishuke korongoni hata kama jua linawaka pale aliposimama.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walisema wahenga, ila hawakusema ainame penye poromoko. Mshale ukisema zimesalia mita 140 na ardhi ikasema hapana, wa kusikizwa ni ardhi. Kopo litakuwa palepale siku nyingine.