Je, Wajua? Wimbo Ukiingia Sokoni

Kwa msomaji mgeni: kazi yangu ni masoko, ugonjwa wangu ni muziki. Mchana natafuta wateja, usiku nasikiliza dansi la zamani, na viwili hivyo vimeshindwa kabisa kukaa mbalimbali. Leo nakumegea niliyookota vinapokutana.

Je, wajua kwamba tangazo la redio linalotajwa kuwa la kwanza kuimbwa lilisikika Minneapolis, Marekani, mkesha wa Krismasi wa 1926? Waimbaji wanne walisifu nafaka za Wheaties.

Je, wajua kwamba Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alirekodi Bombay mwaka 1928 kwa kampuni ya His Master's Voice, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni? Biashara ilikuwa na akili: nani angenunua gramafoni isiyosema lugha yake?

Je, wajua kwamba "AZDA", wimbo wa Franco na TPOK Jazz wa mwaka 1973, ni tangazo la magari? AZDA walikuwa wauzaji wa Volkswagen huko Zaire. Wameucheza hata wasiomiliki baiskeli. Kwangu mimi hilo ndilo tangazo bora kuwahi kutoka Afrika, na yeyote anayebisha aje na gitaa lake.

Je, wajua kwamba wanamuziki wa NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1964, walikuwa waajiriwa wa chama cha wafanyakazi? Chama kilipogeuka JUWATA, bendi nayo ikawa JUWATA Jazz. Baadaye ikaitwa OTTU. Mashabiki hawakuhangaika na vibao vya ofisini. Wao walikwenda Msondo, jina la mtindo wa bendi, na leo bendi yenyewe inaitwa Msondo Ngoma. Mtindo ulimshinda mwajiri! Bendi nyingine nazo zilikuwa na mitindo yao: Mlimani Park walikuwa na Sikinde, Vijana Jazz wakaja na Pamba Moto, Maquis wakawaambia watu Ogelea Piga Mbizi. Hakuna aliyekuwa na kitengo cha masoko, lakini kila bendi ilijua kwamba mteja lazima apate cha kutaja akiulizwa anakwenda wapi Jumamosi. Waimbaji walihama, Muhidin Maalim Gurumo mwenyewe akiimba Msondo na Sikinde kwa nyakati tofauti. Jina la mtindo likabaki na bendi.

Je, wajua kwamba mlio wa simu za Nokia umetoka kwenye "Gran Vals", kazi ya gitaa ya Mhispania Francisco Tárrega? Alifariki mwaka 1909, kabla hata redio haijaingia majumbani.

Je, wajua kwamba muziki wa taratibu hukuchelewesha dukani? Utafiti wa Ronald Milliman wa mwaka 1982, katika supamaketi moja ya Marekani, ulikuta mauzo yakiwa juu kwa asilimia 38 kuliko siku za muziki wa haraka. Mwaka 1997 watafiti wa Uingereza walichapisha kisa kingine: duka likipiga muziki wa Kifaransa, mvinyo wa Ufaransa ulinunuliwa zaidi, ukipigwa wa Kijerumani, ule wa Ujerumani ukaongoza. Walipoulizwa, wanunuzi wengi walikana kwamba muziki uliwagusa.

Kwa hiyo ukiingia supamaketi mwisho wa mwezi huu, sikiliza kwanza spika za darini, ndipo ushike toroli.